Nina milioni nne na nusu za hedifoni: nichukue HD 800 S, Focal Clear, LCD-X au niachane nazo zote?

BARUA

Shikamoo kaka,

Naomba unisaidie kabla sijatoa hela maana nimeitunza muda mrefu na sitaki kuja kujuta. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Tabata, kazi yangu ni ya ofisini kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nikitoka kazini starehe yangu sio baa wala mpira, ni muziki tu. Na muziki wenyewe ni dansi la zamani, lile lililorekodiwa Radio Tanzania miaka ya sabini na themanini, pamoja na taarab ya Zanzibar ile ya udi, kanuni na fidla, mara chache rhumba la Kongo. Huu ugonjwa nimeurithi kwa marehemu baba, yeye alikuwa anakaa na redio kaseti anarekodi vipindi, mpaka leo boksi zima la kaseti zake lipo kwa mama Morogoro.

Sasa hivi natumia Sony WH-1000XM4 za Bluetooth. Kwenye daladala ni nzuri sana, sina neno nazo. Ila kuna jamaa anafanya kazi studio alinivalisha hedifoni zake za waya, aisee nilisikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuanza mstari, nikasikia vidole vinatembea kwenye nyuzi za gita, wimbo ambao naujua tangu utoto ukawa kama sijawahi kuusikia. Toka siku hiyo sina raha.

Nimesoma sana mtandaoni na nimebaki na tatu. Ya kwanza Sennheiser HD 800 S, wengi wanasema hiyo ndo mwisho wa uwazi wa sauti. Ya pili Focal Clear ya Wafaransa. Ya tatu Audeze LCD-X ya Wamarekani, hii wanaisifia kwa besi. Bei zake zinacheza kwenye dola 1,200 mpaka 1,700, yaani kwa kubana naweza kupata moja. Shemeji yangu anakaa Düsseldorf Ujerumani na anakuja Desemba, amekubali kunibebea.

Tatizo linakuja kwa rafiki yangu anayepiga kinanda kanisani. Yeye anasema nimechanganyikiwa, eti nichukue Beyerdynamic DT 770 Pro kwa dola kama 170 hivi, hela inayobaki nipaue banda, na kwamba tofauti ya sauti kati ya hiyo na ya dola 1,700 mtu anajidanganya tu. Mwingine ofisini anasema kitu cha bei ndogo hakiwezi kuwa sawa na cha bei kubwa, kampuni sio wajinga. Mke wangu hajakataa, Mungu ambariki, ila ameniuliza swali moja nikashindwa kujibu: hiyo mpya itakupa nini ambacho hii uliyonayo haikupi?

Nyimbo zangu nyingi ni MP3 nilizopewa na watu na nyingine nimezitoa YouTube. Nasikilizia kwenye laptopu ya HP au simu, simu yenyewe haina tundu la jeki. Nasikiliza usiku watoto wakishalala, sebuleni, feni inakuwa inazunguka maana joto la Dar unalijua. Je, kati ya hizo tatu ipi ina sauti bora zaidi kwa hela yake? Tofauti ya bei inasikika kweli au ni jina tu? Na hili suala la ampu, yaani kile kikuza sauti, ni lazima au ni biashara za watu?

Msikilizaji, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma taratibu maana umeeleza vitu ambavyo wengi hawaelezi, unasikiliza nini, wapi, saa ngapi na kwa kifaa gani. Kwa hiyo nakujibu moja kwa moja halafu nitakupa sababu: kati ya hizo tatu usichukue hata moja kwa sasa. Chukua Sennheiser HD 600 au ndugu yake HD 650, weka ampu ndogo ya heshima, na hela itakayobaki, ambayo itakuwa nyingi tu, peleka kwenye kile kitu ulichokitaja kama unapita njia, lile boksi la kaseti za mzee. Nitalifikia.

Tuanze na huo ubishi wa bei kwa sababu rafiki yako na huyo mwenzako wa ofisini kila mmoja ameshika upande wake na hakuna aliyeshika wote. Mwaka 2017 mtafiti anaitwa Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 akalinganisha bei ya dukani na jinsi kila moja inavyogawanya sauti, yaani besi kiasi gani, sauti za kati kiasi gani, trebo, yaani sauti kali za juu, kiasi gani. Hakukuta uhusiano wowote kati ya bei na huo mgawanyo. Na huo mgawanyo sio jambo dogo, ndo kitu cha kwanza sikio linachosikia. Watu wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, yaani Sean Olive na wenzake, wamefanya majaribio miaka mingi ya kuwasikilizisha watu bila kuwaonyesha wanasikiliza nini, na wakakuta wasikilizaji wengi, waliofunzwa na wasiofunzwa, wanaelekea kupenda mgawanyo unaofanana. Sasa ukiunganisha hayo mawili unaona kwamba ya dola 200 inaweza kukaa karibu sana na kile watu wanachopenda, na ya dola 2,000 ikakaa mbali.

Ila hapo hapo usiende kumwambia mwenzako wa ofisini kwamba ni jina tu, kwa sababu mgawanyo wa sauti sio kila kitu. Hela kubwa inanunua vitu vingine vya kweli: dreva (kile kitoa sauti kilichomo ndani ya hedifoni) nyepesi inayowahi kuanza na kuwahi kusimama, besi isiyoharibika ukiongeza sauti, ukubwa wa jukwaa, yaani ule umbali unaohisi kati ya ala na ala, na chuma na ngozi na waya wa kukaa miaka. Focal walipotoa Utopia mwaka 2016 kwa dola 3,999 kuba la dreva lilikuwa la beriliamu, madini ghali na magumu kuyafanyia kazi, na wanatengenezea kwao Saint-Étienne ambako mishahara sio ya mchezo. HIFIMAN Susvara ilitoka 2017 kwa dola 6,000 na bado sauti yake iko chini kiasi kwamba inadai ampu yenye misuli ya kweli. Sennheiser nao wana ile HE 1 waliyoitangaza 2015, inakuja na ampu yake yenye kitako cha marumaru, bei yake ni zaidi ya dola 50,000. Hivyo vyote ni kazi za watu wanaojua wanachofanya na nawaheshimu. Lakini kupanda kwa sauti hakuendi sambamba na kupanda kwa bei. Kutoka dola 50 kwenda 200 unaruka kweli, kutoka 200 kwenda 400 bado unasikia, ukishavuka 500 mara nyingi unachagua ladha, sio ubora.

Sasa tuziangalie zako tatu kwa muziki wako, maana hapa ndipo penye shughuli.

HD 800 S ilitoka 2016 kwa dola 1,699, mtoto wa HD 800 ya mwaka 2009. Ina gramu 330 tu, kichwani huihisi, na jukwaa lake ni pana kuliko karibu zote zinazotumia dreva za kawaida. HD 800 ya mwanzo ilikuwa na kilele kikali cha trebo pale karibu kilohezi 6, kwenye hii ya S wakaweka kinyonyaji ndani kikaitoa makali, lakini bado ni hedifoni inayoegemea kwenye mwanga. Okestra kubwa iliyorekodiwa vizuri ukumbini, piano, kwaya, hapo inang'aa kweli kweli. Wewe sasa unasikiliza dansi la Radio Tanzania. Rekodi zile zilipigwa studio ya redio, bendi nzima kwa pamoja, maiki chache, zikaingia kwenye kanda, na nyingi ni mono. Mono maana yake sikio la kushoto na la kulia yanapewa sauti ile ile moja, kwa hiyo bendi nzima inakaa katikati ya kichwa chako, na hakuna hedifoni duniani inayoweza kuitandaza kwa sababu hicho cha kutandaza hakimo kwenye rekodi. Yaani lile jukwaa pana unaloendea kulipia dola 1,699 halitapata kazi. Halafu kanda ina ule mvumo wake, shhhh, na mvumo wa kanda unakaa huko huko juu kwenye trebo. Hedifoni yenye mwanga mwingi itakuletea mvumo mbele na mwimbaji nyuma. Hizo MP3 ndogo zilizobanwa nazo zinaharibikia huko huko juu, matoazi yanakuwa kama maji yanachuruzika. Kwa hiyo utalipa zaidi ili usikie ubovu zaidi, na hili nalisema kwa kuumia maana najua hamu uliyonayo.

Focal Clear kati ya hizo tatu ndo ingekufaa zaidi. Ilitoka 2017 kwa dola 1,499, omu 55 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), inasukumwa kirahisi hata bila ampu kubwa. Sifa yake ni pigo: ngoma inapiga, gita la ridhim linasikika linavyokatwa, ina uhai. Ungekuwa umeniambia una milioni kumi za kuchezea na nyimbo zako zote ziko kwenye mafaili mazuri ningekwambia haya twende. Angalia uzito tu, gramu 450, na pedi zake ni za rangi hafifu, zikichakaa kwa jasho zinaonekana, na seti mpya ya pedi halisi bei yake inaweza kukununulia hedifoni nyingine ya kawaida.

LCD-X nitaipita haraka. Ni plana, yaani badala ya koni ina karatasi nyembamba sana yenye nyaya inayocheza katikati ya sumaku, ndo maana besi yake inashuka mpaka chini kabisa bila kuchafuka. Kwa watu wa kuchanganya muziki wa kisasa ni chombo kizuri cha kazi. Lakini ina gramu 612. Zaidi ya nusu kilo kichwani, pedi za ngozi, Dar es Salaam, na feni umeizima ili usikie muziki. Hapana. Na besi ile ya chini kabisa anayoisifia kila mtu, kwenye rekodi za dansi la zamani haimo, gita la besi lile linaishi juu zaidi ya hapo.

Ndo maana nikasema HD 600. Hii imetoka 1997 na bado inauzwa mpaka leo, HD 650 ikafuata 2003, na sababu ya kudumu ni kwamba sauti za kati zimekaa mahali pake. Muziki wako wote unaishi kwenye sauti za kati: mwimbaji, magita matatu yanayosukana, saksafoni, tarumbeta, na kwenye taarab fidla na kanuni na sauti ya bibi anayeimba huku amekaa. Hapo hedifoni hizi hazina haya mbele ya zile za dola 1,700, na kuna mafundi sauti wanaomiliki zote wanaorudi kwenye hizi wakitaka kujua kama sauti ya mwimbaji imekaa kweli. HD 650 ina joto kidogo zaidi na trebo imetulia zaidi, kwa mvumo wa kanda mimi ningekupeleka huko. HD 600 ina uwazi kidogo zaidi. Ukipata yoyote kwa bei nzuri ichukue, usipoteze usingizi. Mapungufu yake nakuambia mapema: besi ya chini kabisa inakosekana, jukwaa ni dogo, na zikiwa mpya zinabana kichwa, kwa hiyo ziache zimevalishwa kwenye boksi au vitabu siku kadhaa. Kuna toleo lililoitwa HD 6XX lililotengenezewa duka la Marekani la Massdrop, lilianza kuuzwa dola 199, ni HD 650 ile ile kwa kila kinachohusu sauti, sema ukiagiza kutoka huko usafiri na kodi vinaweza kuila tofauti yote.

Na kuna hili ambalo watu wa Ulaya hawalizungumzii sana kwa sababu wao hawana unyevu wa bahari. Hapa pedi za ngozi bandia zinabanduka, sponji inageuka unga, waya unakatika pale kwenye jeki. HD 600 na 650 zinafunguka zote kwa mkono. Pedi zinachomoka, waya unachomoka, hata dreva yenyewe unaitoa na kuweka nyingine bila kuchomelea risasi. Spea zake zipo tele kwa sababu zimeuzwa miaka mingi. Nikiangalia bei naweka na hiyo ndani, sauti yako baada ya miaka kumi inategemea kama pedi itapatikana.

Rafiki yako wa kinanda usimdharau. DT 770 Pro ni imara, imefungwa, haivujishi sauti, na kwa mtu anayerekodi akiwa karibu na maiki iko sahihi kabisa. Ila trebo yake ni kali kuliko hata hiyo HD 800 S, na nimeshakueleza trebo na mvumo wa kanda vinapatana vipi. Kwa hiyo kwenye bei yuko karibu na ukweli, kwenye hedifoni yenyewe amechagua ya kazi yake, sio ya kwako.

Sasa suala la feni, na hapa naomba unisikilize vizuri. Zako tatu zote pamoja na hii ninayokushauri ni za mgongo wazi, yaani zina wavu nyuma, sauti inatoka nje na kelele inaingia ndani. Feni inayozunguka juu ya kichwa chako itaingia moja kwa moja, bodaboda ikipita itaingia, jenereta la jirani litaingia. Kama sebule yako saa nne usiku bado ina makelele hakuna hela itakayokusaidia kwenye mgongo wazi, hapo bora ubaki na Sony yako inayofuta kelele maana unyamavu nao ni sehemu ya sauti. Jaribu hivi usiku wa leo: kaa pale unapokaga siku zote, usivae kitu, sikiliza dakika chache tu chumba chenyewe. Kama unachosikia ni feni tu basi ihamishie mbali au uishushe spidi na utakuwa sawa. Na kwa kuwa sauti inavuja, usizivae chumbani mke akiwa amelala pembeni, atasikia wimbo mzima kwa sauti ya mbu.

Ampu ni lazima? Inategemea hedifoni. Focal Clear ungechomeka kwenye kitu chochote ikaimba. HD 600 na 650 ni omu 300, zinataka volti. Kile kiadapta kidogo cha Apple cha dola 9 cha kuchomeka kwenye USB-C kitaziimbisha kwa sauti ya kawaida, na ubora wake ni safi kuliko bei yake. Lakini rekodi za zamani zimerekodiwa chini, hazijapandishwa kama nyimbo za siku hizi, kwa hiyo utajikuta umeweka mpaka mwisho na bado unataka kidogo. Ndo maana nakwambia ampu ndogo. JDS Labs Atom ilitoka 2018 kwa dola 99 na vipimo vyake vinaaibisha vya bei mara kumi. FiiO K7 iliyotoka 2022 kwa dola 199 ina DAC ndani kabisa, yaani kile kinachogeuza faili la kidijitali kuwa sauti, unachomeka laptopu basi. Zaidi ya hapo hela yako inakwenda kwenye boksi la kuvutia, sauti haiongezeki. Ukiogopa umeme kukatikakatika tafuta DAC ndogo ya USB yenye nguvu ya kutosha inayokula umeme wa laptopu, hiyo umeme ukikatika wimbo unaendelea. Na chochote chenye adapta ya ukutani shemeji akinunulie huko huko Ujerumani, umeme wao ni volti 230 kama wetu, kichwa cha plagi tu ndo utabadili. Cha Marekani kinaweza kuja na adapta ya volti 120, ukiichomeka hapa imekwenda.

Haya, tuje kwenye kaseti.

Umesema nyimbo zako ni MP3 za kupewa na za YouTube. Nyingi ya hizo zimetoka kwenye kanda ikanakiliwa na kanda ikanakiliwa na mtu akaziminya. Wakati huo huo kwa mama Morogoro kuna boksi la kaseti zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka redioni miaka hiyo, na baadhi yake huenda hakuna mtu mwingine anayo. Hizo ndo hedifoni zako za dola 1,700. Badilisha chanzo utasikia tofauti kubwa kuliko kubadilisha hedifoni yoyote, na zenyewe kila msimu wa mvua zinazidi kuharibika, kwa hiyo hili la kaseti lina haraka kuliko Desemba.

Tafuta deki ya kaseti nzuri iliyotumika, zile za kuchomeka kwenye ampu ya sebuleni, sio vile vidude vipya vya plastiki vyenye USB, vile mwendo wake unayumba na utauhamishia kwenye faili milele. Fundi aibadilishe mkanda wa mpira wa ndani. Hedi, yaani kile kichwa kinachosoma kanda, na ile rola ya mpira zisafishwe kwa pamba na spiriti ya isopropili, na usafishe tena kila baada ya kaseti chache. Kaseti yenye ukungu mweupe kwenye utepe usiipige kwanza, utachafua hedi na kuambukiza nyingine, itenge. Pembeni ya hedi kuna kiskrubu kidogo kinachoilaza na kuiinua, fundi anayejua akizungushe taratibu kwa kila kaseti mpaka sauti ifunguke, hapo ndipo unaporudisha trebo iliyopotea bila kununua kitu. Rekodi kwenye laptopu kwa Audacity, ni programu ya bure, tunza kama WAV au FLAC, usitunze MP3. Saa moja ya WAV ya kiwango cha CD ni kama megabaiti 635, FLAC inapunguza karibu nusu bila kupoteza hata chembe, kwa hiyo diski moja ya nje inameza boksi zima na inabaki. Weka nakala mbili nyumba mbili tofauti. Na uandike kila kilichoandikwa kwenye kadi ya kaseti kwa mkono wa mzee, tarehe, kipindi, hata alipokosea, piga picha kabisa.

Kwa ile miziki ambayo imeshatolewa upya kihalali, Apple Music tangu Juni 2021 inatoa mafaili yasiyominywa bila kuongeza bei, ila ukitumia Bluetooth hufaidi, hata LDAC, njia ya Sony ya kurusha muziki kwa Bluetooth, ikifika kilobiti 990 kwa sekunde bado iko chini ya 1,411 za CD. Waya ndo njia yake.

Mkeo ameuliza swali zuri kuliko yote na jibu lake ni hili: Sony inakupa ukimya barabarani, hii itakupa watu waliomo ndani ya rekodi. Mvalishe kaseti ya kwanza ikishahamishwa, mwenyewe utaona uso wake.

Ukipata nafasi ya kujaribisha popote, nenda na nyimbo zako mwenyewe, na hakikisha sauti ziko sawa kabla ya kulinganisha, maana inayopiga juu kidogo tu sikio huiona ni bora, ndo ujanja wa wauzaji wengi. Sauti yenyewe usiipandishe sana, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo kiasi cha usalama kwa mtu mzima, na usiku wa kimya huhitaji hata hiyo.

Kwa shemeji sasa. Aagize kwa muuzaji anayetambulika, asinunue za bei ya ajabu, HD 600 na 650 feki zimekuwepo miaka mingi na kwa picha huzitofautishi. Bei za Ujerumani zina VAT ya asilimia 19 ndani na yeye kwa kuwa ni mkazi wa huko hairudishiwi, kwa hiyo hesabu bei unayoiona ndo hiyo hiyo. Ukinunua kwa mtandao Ulaya una siku 14 za kurudisha bila maelezo, basi aagize mapema kabla ya safari, akishapokea achomeke asikilize kushoto na kulia, ahakikishe zote zinaimba sawa, azikunje kidogo asikilize kama kuna mkwaruzo, kwa sababu zikishafika Tabata warantii ya Düsseldorf ni safari ndefu. Risiti aje nayo mkononi, VAT yetu ni asilimia 18 na mtu wa forodha akiuliza awe na cha kuonyesha. Na amwambie muuzaji aongeze seti moja ya pedi kwenye oda hiyo hiyo.